Goti la Mkubwa na Vita vya Mto

Makumbusho, tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama, maana kukaa hujawahi kujua. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu na anashukuru kwa vile vitambaa, ingawa kimoja amenifunga mimi shingoni wakati wa kula, anadai nadondosha. Kifua changu kimepoa. Hii atakuletea dereva wa lori la unga, kwa kuwa nasikia simu za huko mpakani bado zimekatwa. Ni mtu wa kuaminika kabisa, ila ana mke wa pili mji wa katikati, kwa hiyo ikichelewa usinilaumu mimi.

Baada ya hayo, habari kubwa ni kwamba Mkubwa amekuja. Unajua utaratibu wetu wa kila mwaka. Anaingia kwa mlango mkuu, anazunguka ukumbi wa chini, anafika chini ya ngazi, anakunywa chai, anaondoka. Goti lake la kulia halipandi ngazi, lifti yetu ilikufa kabla sijaajiriwa, na hakuna mtu anayeipenda kazi yake atakayetamka neno “goti” mbele ya Mkubwa. Ndiyo maana pale chini ya ngazi tumefunga kamba nyekundu, tukaweka meza ya chai na ua kubwa la plastiki, na ziara inaishia hapo kana kwamba hata jengo linaishia hapo.

Basi mwaka huu alisimama mbele ya ile picha ya ukuta mzima, Mfalme akivuka mto, mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza mimi, dada, si yule profesa aliyekuwa pembeni yangu na joho lake, “Alivuka wapi hasa?” Nikamwonyesha kwenye ramani. Ni hapo kwenye maji machache, chini kidogo ya tanuri lako. Akasema, “Na mji wa ng’ambo akauchukua.” Nikasema aliuchukua, Mkubwa. Waziri wa Ulinzi, ambaye ni mdogo wake Mkubwa wa tumbo moja, akasema, “Basi ni wetu, kaka. Tuliusahau tu huko.” Watu wakacheka. Mkubwa hakucheka.

Nilikuwa na la kuongeza, lakini ikaletwa chai nyingine. Alipoondoka alinipa mkono, na wifi yako anasema tangu siku hiyo natembea kama nimemeza fagio.

Msalimie mpwa wangu Twiga. Bado anagonga kichwa kwenye mlango wa tanuri?

Mdogo wako


Mpakani, tarehe 27 Februari

Mheshimiwa Mtunza Makumbusho, mdogo wangu,

Nimesimama, ndiyo, na miguu inawaka moto. Tanuri linakula kuni kuliko zamani, presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka, na jirani yangu fundi cherehani kapata mjukuu. Hamira bado naletewa kutoka ng’ambo na yule binti wa siku zote, anavuka daraja asubuhi na kikapu chake na kuniuliza kama nimekunywa dawa. Watu wa huku na wa kule tunaozana na kuzikana, hilo walijua hata waliochora mpaka.

Sasa niambie umemwonyesha nini huyo mtu wenu.

Hapa mjini wameingia askari mpaka hakuna pa kukanyaga. Shule wamefanya bweni. Malori yamekuja na boti zimefunikwa maturubai, na tulipouliza tukaambiwa ni za mradi wa uvuvi. Mto wetu huu una samaki wa kujaza kikaango kimoja. Kamanda wao alikuja dukani kuagiza mikate ya kikosi kizima, mtu mstaarabu, akavua kofia. Nikamuuliza, baba, mmekuja kufanya nini huku? Akajibu, “Historia, mama. Tumekuja kuirudia.”

Nilikuwa na sinia la mikate mikononi, nikaliweka chini.

Mdogo wangu, baba yetu alikuwa mlinzi wa jengo hilo. Tumekulia humo, tumecheza kombolela katikati ya mikuki. Mimi najua kilichoko ghorofani kama ninavyojua jiko langu. Mvua ikawakuta ng’ambo, mto ukajaa, wakakaa kule na njaa mpaka wakatafuna mikanda, mji ukaungua, waliorudi wakahesabika kwa vidole, na Mfalme mwenyewe akarudi kwa punda wa kuazima. Je, katika watu wote mnaokunywa naye chai, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia?

Twiga hayupo kidogo. Anawasalimu.

Dada yako


Makumbusho, tarehe 22 Machi

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, zimechakaa kidogo kwa sababu dereva alipumzika mji wa katikati kuliko kawaida. Wifi yako ameanza kufuga kuku kwenye baraza, nami nimeanza kuamka na kuku. Hongera kwa jirani kupata mjukuu.

Unaniuliza swali ambalo mtu aliye mbali na serikali anaweza kuliuliza kwa urahisi. Hakuna aliyemdanganya Mkubwa, dada. Kila mmoja wetu amemwambia kweli tupu mpaka kwenye ngazi. Profesa ameandika kitabu kinene juu ya vita ile, kinaishia siku Mfalme anaingia mji wa ng’ambo kwa shangwe. Nilipomuuliza habari za yaliyofuata akasema hayo ni ya juzuu la pili. Juzuu la pili analiandika tangu wanawe wako shule ya msingi, na sasa wana watoto wao. Mashuleni mtaala unafika kwenye ushindi, halafu inakuja likizo, na wakirudi wanaanza mambo ya kilimo. Mkubwa naye alisoma shule hizohizo. Anaijua ile vita kwa moyo, nusu yake.

Mimi nifanye nini? Nimwambie, Mkubwa, tafadhali panda huku juu? Atauliza kwa nini hajawahi kupanda. Hapo itabidi mtu ataje goti.

Dawa ingekuwa lifti. Nilimwita fundi akaifungua, akasema gia moja tu ndiyo iliyovunjika, lakini gia hiyo inachongwa ng’ambo, kwa mafundi wa mji uleule, na kuingiza kitu chochote kutoka kule kumepigwa marufuku tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo hapo ndipo tulipo. Nadhani mambo yatapoa yenyewe. Mambo mengi hupoa.

Nimeshona suti mpya, ya kijivu. Msalimie Twiga, popote alipo.

Mdogo wako


Mpakani, tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwishoni zikibaki.

“Popote alipo.” Uliandika hivyo na kalamu yako haikukwama. Ulijua, ukaogopa kuuliza, nami nilijua, nikaogopa kukuandikia, na hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sasa nasema. Twiga wamemchukua. Walikuja tanurini asubuhi, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, wakasema anatakiwa kwa taifa. Suruali waliyompa inaishia chini kidogo ya magoti, hawana saizi yake. Buti wamekata mbele vidole vipumue.

Na wamempanga wapi? Kikosi cha mbele kabisa, cha kupima kina. Warefu wote wa wilaya hii wamekusanywa, watatembea majini mbele ya boti, wengine wafuate pale ambapo warefu hawajazama. Nilikwenda kambini nikamuuliza yule kamanda mstaarabu nani aliyebuni kitu hicho. Akasema ni Mfalme mwenyewe. Akasema iko kwenye picha kubwa ya makumbusho, waliotangulia mtoni wote ni warefu.

Mwanangu mmoja, ninaye huyohuyo. Mtu mwenye urefu ule hata akijificha shimoni kichwa kinabaki nje.

Sasa fungua gunia la unga alilokuletea dereva pamoja na barua hii. Ndani kuna gia. Nilimwambia yule binti wa hamira, baba yake ndiye fundi mwenyewe, nikasema kuna mzee ana goti bovu na lifti yao imevunjika. Vipimo anavyo, maana gia ya kwanza ilitoka kwao, akachonga usiku kucha, akasema mzee wa watu asiteseke, akaleta na grisi juu. Watu hao ndio tunaotaka kwenda kuwapiga.

Mpandishe huyo mtu juu. Na akifika huko, ukiona kweli haitoshi, mdanganye. Mwambie Mfalme alikufa kwa kuhara. Mwambie ng’ambo kuna majini. Mwambie chochote, lakini mwanangu asiingie mto ule.

Salamu hazikubaki.

Dada yako


Makumbusho, tarehe 29 Aprili

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Wifi yako aliichukua mkononi mwangu akaisoma, akaenda kwa kuku wake akakaa huko mpaka jioni.

Twiga nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, na hata wakati ule miguu yake ilikuwa inaburuta chini. Naomba unisamehe ile “popote alipo”. Niliandika nikiwa na mashaka, nikaona nikiuliza utanijibu.

Kuhusu picha. Wale askari wa mbele ni warefu kwa sababu mchoraji alipewa ukuta mrefu. Alianza kwa miguu yao, akaona nafasi imebaki juu, akawavuta. Yamo kwenye barua zake za kudai rangi. Mtu alikuwa anajaza ukuta, na leo wamekusanya vijana wa wilaya nzima.

Lakini hilo lingine, dada, la kudanganya, usinitake. Nisikilize vizuri. Historia si donge la unga, likiwa gumu unaongeza maji. Miaka yote hii nimekula njaa ya heshima katika jengo hili, nimezungukwa na watu wanaokata historia vipande kama wanavyotaka, na mimi sijawahi kuongeza hata nukta. Kunyamaza nimenyamaza. Kuzua, sijazua. Nikifa nataka angalau hilo lisemwe. Kweli ya kule juu inatosha kumtisha mtu yeyote mwenye akili.

Lifti inafanya kazi. Tuliijaribu kwa magunia, kisha kwa mhasibu. Inalia kidogo ikipanda, lakini inafika. Ikulu nimeandikia kwamba lifti imetengenezwa kwa ajili ya wageni wazee kutoka nje, na kwamba ghorofani kiko kiti chenyewe cha Mfalme, ambacho hakijawahi kukaliwa na kiongozi yeyote wa zama hizi. Walijibu siku hiyohiyo. Mkubwa anapenda sana viti.

Anakuja katikati ya Mei. Niombee.

Mdogo wako


Makumbusho, tarehe 21 Mei

Dada yangu,

Sisi wazima. Kuku wameanza kutaga. Nakuandikia haraka, dereva ananipigia honi.

Mkubwa alikuja. Tuliingia kwenye lifti wanne, yeye, mdogo wake Waziri, mlinzi mmoja na mimi. Ilipolia katikati ya safari mlinzi alitoa bastola akaielekeza kwenye dari. Tukafika. Mlango ukafunguka na Mkubwa akaona, kwa mara ya kwanza katika utawala wake, kwamba vita ile ilikuwa na upande wa pili.

Nilianzia kwenye mvua. Nikamwonyesha alama za mafuriko na ule mtumbwi uliopasuka. Akauliza, “Alivuka mwezi gani?” Nikasema mwanzo wa mvua, Mkubwa. Akasema, “Mjinga. Mimi nitavuka kabla ya mvua.” Waziri akadakia, “Hata wiki ijayo, kaka. Tuko tayari.” Nilikuwa nimekwenda kuzuia vita nikaisogeza karibu.

Nikamkimbiza kwenye njaa. Ile mikanda iliyotafunwa, alama za meno zinaonekana kabisa. Akasema, “Mimi nina maghala.” Tukaenda kwenye rundo la viatu vilivyookotwa ukingoni, ambavyo sisi tukiwa watoto tulikuwa tunapita mbio bila kuvitazama. Alivitazama sana. Nikasema moyoni, sasa imemwingia. Akasema, “Vidogo. Watu wa zamani walikuwa wafupi.” Nikamwonyesha punda wa kuazima, aliyejazwa majani, sikio moja limeliwa na panya. Alicheka mpaka akashika ukuta. “Mimi nina ndege,” akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila msiba wa babu zetu aliupatia dawa, na msaidizi aliyekuwa amepanda kwa ngazi nyuma yetu akawa anaandika, mabuti, biskuti kavu, maturubai. Niliitumainia kweli initoe, na kweli ikageuka kuwa mwongozo wa kupigana vizuri zaidi.

Tukafika kwenye kiti. Akakaa. Kilimkaa vizuri, lazima niseme. Akapapasa mikono ya kiti, akatazama chumba kutokea pale, akatulia. Waziri alisimama nyuma yake, mkono ameuegemeza juu ya mgongo wa kiti. Kibao kiko hapo pembeni lakini kimeandikwa kwa herufi ndogo, na miwani ya Mkubwa hukaa mfukoni kwa mlinzi, haivaliwi mbele za watu. Kwa hiyo akaniuliza.

“Alipokuwa ng’ambo,” akasema, “hiki alikikalia nani?”

Nikajibu, “Mdogo wake, Mkubwa.”

Akauliza, “Muda wote?”

“Muda wote, Mkubwa.”

“Na aliporudi?”

“Ilikuwa kazi kumtoa.”

Mkubwa hakugeuka. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayeuliza saa, “Ni nani aliyesema wiki ijayo?”

Waziri akautoa mkono kwenye kiti. Tuliteremka kwa lifti watatu, Waziri akashuka kwa ngazi.

Sijui kitakachofuata, na usiniulize zaidi ya hapo. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako


Mpakani, tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana, za barua hii na za ile niliyokunyima. Mwambie wifi yangu nimetuma mikate mitatu na akupe mmoja bila kitambaa shingoni.

Twiga yuko hapa. Alirudi juzi kwa miguu, na suruali yake ileile ya mtoto wa shule, akagonga kichwa mlangoni, akasema, “Mama, kuna chai?” Nilimwambia ipo. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia, nikalia mpaka unga ukaganda usoni. Nilipotoka aliniuliza kama ninaumwa. Nikampa donge akande.

Boti zimefunikwa tena na kupakiwa malori, mradi wa uvuvi umeahirishwa. Askari wameondoka kikosi baada ya kikosi. Yule kamanda alikuja kuaga, akavua kofia, akasema Mkubwa ameona si wakati wa viongozi kuwa mbali na nyumbani. Redioni tumesikia Waziri amekuwa balozi katika nchi ambayo hata mtangazaji ilimshinda kuitamka, akajaribu mara mbili, akaenda kwenye michezo. Binti wa hamira anavuka kama kawaida. Baba yake anauliza mzee wa goti anaendeleaje. Nimemwambia anaendelea kukaa.

Sasa ngoja nikuulize ulilosema nisiulize.

Kibao cha kile kiti ndicho nilichojifunzia kusoma. Baba alinishika kidole akakitembeza juu ya herufi, nami nilikuwa sijaanza hata shule. “Mfalme alipokuwa vitani, kiti kilikaliwa na mama yake. Aliporudi, akampisha.” Naweza kukiandika nikiwa nimelala. Mama yake, mdogo wangu. Mwanamke aliyegawa chakula, akafukia maiti, akamtunzia mwanawe kiti na kumrudishia bila kelele. Na Mfalme hakuwa na mdogo. Alizaliwa peke yake, iko kwenye ukoo uliochorwa ukutani pale kwenye lifti, tawi moja tu limesimama.

Wewe uliwahi kunirudishia barua yangu ya rambirambi umenisahihishia tarehe ya msiba kwa wino mwekundu. Kwa hiyo najua ulichokifanya pale kimekugharimu nini, na najua hutakisema. Basi usiseme. Nasema mimi. Ahsante. Nikikuona nitakupiga kofi kwa ajili ya mama wa watu, kisha nitakukumbatia, au nianze na kukumbatia, tutaona siku hiyo.

Lakini niambie hili moja tu. Huyo mdogo, ulimtoa wapi kwa haraka namna ile?

Dada yako


Makumbusho, tarehe 9 Julai

Dada yangu,

Mikate ilifika mitatu, nilikula mmoja na nusu. Kifua kimerudi kidogo. Wifi yako ameuza kuku wote isipokuwa jogoo, ndiye niliyekuwa nataka auzwe.

Unauliza nilimtoa wapi. Nilikuwa nimesimama pale, naona ule mkono wa Waziri juu ya kiti, na nimefungua kinywa kusema “mama yake”. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Mkubwa mama yake alishafariki, lingempita kama upepo. Nikaikumbuka barua yako, inavyoanza, inavyoanza kila mara tangu nilipojua kusoma. “Mdogo wangu.” Ndilo lililotoka.

Na kuna jambo sikukuandikia. Waziri anasoma vizuri, macho yake mazima. Alikiona kibao. Akasema, “Kaka, mbona hapa pameandikwa mama?” Mkubwa akamjibu, “Umeanza na kunisomea?” Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na kibao, na suti yangu ya kijivu imelowa mgongoni. Waziri alikuwa anasema kweli, dada. Pengine siku ile moja tu katika maisha yake, na mimi ndiye niliyeiziba.

Nilidhani litaishia hapo. Mimi ndiye niliyezoea kufundisha watu kwamba mambo kama haya hayaishii hapo. Wiki mbili baadaye ikaja amri kibao kirekebishwe, maandishi yawe makubwa. Nimekitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye ukoo ulioko ukutani tumechora tawi la pili. Mkubwa sasa anapanda karibu kila wiki, anakaa kwenye kiti, anauliza, “Na huyu mdogo, alifanya nini kingine?” Lazima nimpe kitu. Mpaka leo huyo mtu ameshaiba ng’ombe, ameshaoa wake wawili wa Mfalme na ameshaandika barua kwa adui. Profesa amechapisha makala juu yake yenye tanbihi thelathini. Nimezisoma zote, sijui kazitoa wapi, na nyingine zimenishawishi. Mama wa Mfalme hayupo tena popote, isipokuwa kichwani kwako na kwangu. Hilo linaniuma, siwezi kukuficha. Naamka nalo.

Kisha wakataka picha. Mchoraji alikuja na turubai na rangi, akaniuliza sura ya msaliti ilikuwaje. Ikulu walikuwa wameshampelekea picha ya Waziri “kwa ajili ya msukumo”. Niliitazama ile picha kwa muda. Mtu yule yuko mbali huko, hasemi na mtu, na amefukuzwa kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Nikamwambia mchoraji hapana, kumbukumbu zinasema alikuwa na uso mpana, kipara mbele, na mashavu yaliyoshuka. Akanitazama, akachovya brashi.

Kwa hiyo nipo, dada. Nipo ghorofani, mkono wa kulia wa kiti, nina kilemba na macho ya husuda. Watoto wa shule huja Jumatano. Mtaala umeongezwa sura, sasa unapita ushindi unafika kwangu, ndipo inakuja likizo. Mwalimu wao husema, huyu ndiye aliyebaki nyumbani anakula wenzake wakifa mtoni, nao wananizomea kwa sauti moja. Mimi husimama nyuma yao na kusubiri wamalize. Nimeshazoea, isipokuwa kuna mmoja mfupi mwenye sauti nzito, huyo hunigusa.

Twiga alifika jana na lori la unga. Hukuniambia unamtuma. Nilimzungusha kote, na pale kwenye viatu alisimama sana, akavua vyake akavilinganisha. Kisha akafika kwenye picha. Akainama, maana imetundikwa chini kwake, akatazama uso ule, akanitazama mimi, akautazama tena.

“Mjomba,” akasema, “huyu alikuwa mtu mbaya kweli?”

Nikamwambia kwamba katika kumbukumbu zote za kale za nchi hii hakuna anayemtaja.

Akafikiri. Akaninyooshea kola ya shati, kama wewe unavyofanya, akasema hajala tangu mji wa katikati. Tukateremka kwa ngazi.

Mdogo wako